Mwenye Pampu wa Nyololo

Madereva wote wa barabara ya Iringa kwenda Mbeya walimwita Mwenye Pampu. Sisi majirani tulimwita hivyohivyo, na mke wake pia, hata siku alizokuwa amemkasirikia. Jina lake la ubatizo lilisikika kanisani tu, mchungaji alipowataja wazee wa usharika, na hapo ungewaona wageni wakigeuka kumtafuta huyo aliyetajwa. Hawakujua kuwa ni yule yule aliyewatilia petroli jana yake.

Mimi nilikuwa na kibanda cha chai pale Nyololo, kimeezekwa kwa nyasi, mafiga nyuma na mabenchi mbele. Mume wangu alikuwa amekwenda migodini kusini, kama walivyokwenda wanaume wengi wa kwetu Rungwe, na mimi nikabaki ugenini na watoto, nikiwapikia madereva chai na mandazi. Kibanda nilikianza Mwenye Pampu bado hajafika. Siku alipoleta pampu yake alikuja kwanza kwangu, akavua kofia na kunisalimu kwa salamu ya kwao, "Kamwene," kisha akasema kwamba amepewa kiwanja hapo kando yangu na kwamba ataniletea wateja. Ilikuwa kweli. Lori likisimama kwa petroli, dereva na utingo wake hawakuondoka bila kuonja chai.

Siku hizi mtu akisikia pampu anafikiria mashine inayojiendesha yenyewe. Ile ilikuwa ya mkono. Juu yake vilikaa vioo viwili vya duara, kila kimoja cha kutosha galoni moja. Unavuta mpini huku na huku, petroli inapanda kutoka kwenye pipa hadi kioo kinajaa, kisha unafungua, nayo inateremka kwa uzito wake yenyewe kupitia mpira hadi kwenye tanki la gari. Wakati kioo kimoja kinamwagika, kingine kinajaa. Kila asubuhi, ukungu wa Mufindi ukiwa bado umelala barabarani, alipanda juu ya kigoda akavisugua vioo vile kwa kitambaa cha flaneli mpaka ving'ae. Dereva akianza kupiga soga naye wakati petroli inapanda, alimkatiza.

"Tazama kioo, usinitazame mimi," alisema. "Ukinitazama mimi utaniamini, na biashara haitaki hivyo."

Aliogopa moto kuliko mtu yeyote niliyepata kumjua. Wakati wa vita alichukuliwa jeshini hadi Burma, akawa mpakiaji wa mapipa ya petroli, na huko aliona jambo ambalo hakulisimulia kwa mtu. Tulijua tu kwamba aliona. Ndoo zake za mchanga zilipakwa rangi nyekundu na kupangwa kama askari, na dereva aliyesogea na sigara mkononi alimwagiwa mchanga mikononi kabla hajaambiwa kitu. Siku moja alikuja padri wa misheni ya Kikatoliki akiwa juu ya pikipiki, kiko kinafuka moshi. Mwenye Pampu alikuwa Mlutheri wa kweli, lakini padri ni padri, hawezi kumwagiwa mchanga. Basi alimwendea taratibu, akakitoa kile kiko kinywani mwa padri kwa mkono wake mwenyewe, akakipeleka mbali na kukiweka juu ya jiwe. Akarudi, akatia petroli, akafunga tanki, akaenda kukichukua kiko na kumrudishia kwa mikono miwili, amepiga goti kidogo. Padri akawasha pikipiki, akaondoka. Tangu siku hiyo kila alipofika alikizima tangu kule mlimani.

Na huyo aliyewazuia watu kuvuta alikuwa yeye mwenyewe mtumwa wa tumbaku. Kwa kuwa hakuweza kuwasha, alinusa ugoro, na chafya yake ilisikika hadi shuleni.

Kitu kingine ambacho wageni hawakukiamini ni kwamba hakujua kuendesha gari na hakutaka kujifunza. Akisafiri alikaa nyuma, juu ya magunia, hata mvua inyeshe. Madereva walimbembeleza aje mbele, naye alikataa. Niliambiwa sababu na dereva mmoja aliyewahi kumshawishi: tangu Nyololo hadi Mafinga mzee alikuwa akikanyaga breki ambazo hazipo, na walipofika alishuka miguu ikimtetemeka kama aliyekimbia njia nzima.

Serikali ilikuwa na mkaguzi wa vipimo, kijana wa pwani, mpole, mwenye Kiswahili ambacho sisi wa bara tulikaa kukisikiliza kama watu wanaosikiliza kwaya. Alizunguka akipima mizani ya maduka na pampu za petroli. Alipofika kwetu alitoa chombo chake cha shaba, akajaza, akatazama, akamwaga, akajaza tena. Kisha akamwambia Mwenye Pampu kwamba pampu yake ina kosa. Mzee alikasirika. Alisema yeye hajamwibia mtu tangu azaliwe. Mkaguzi akakubali kwamba hajaiba. Kosa lilikuwa upande wa pili: pampu ilizidisha, kila galoni ilikuwa galoni na kitu juu yake. Na sheria, alieleza kwa sauti yake ile laini, haikatazi kupunja peke yake, inataka kipimo kiwe kipimo. Akafunga mpini kwa waya na kuupiga lakiri ya risasi, muhuri wa serikali, akasema pampu isiguswe mpaka fundi aje kutoka Iringa kuirekebisha.

Mzee alikuja kukaa kwenye benchi langu kama mtu aliyefiwa. Malori yalisimama, yakaiona lakiri, yakaondoka. Alikunywa chai bila kuonja. Mwishowe akaniuliza, "Mama Sekela, umewahi kusikia mtu anafungiwa kwa kutoa?"

Fundi alikuja baada ya siku kadhaa, pampu ikarekebishwa. Lakini mzee naye alikuwa na ukaidi wake. Kila alipomaliza kutia, aliuinua mpira na kuutingisha juu ya tanki la mteja hadi tone la mwisho, kisha akavuta mpini kidogo tu, kwa ajili ya njia. Alisema sheria imepima pampu, haikupima mkono wake.

Kilichomchosha zaidi kilikuwa bei. Muuzaji hakuruhusiwa kujipangia. Serikali ilitoa bei ya kila mji kwa kuangalia safari ya mapipa kutoka kwenye reli. Iringa ilikuwa na bei yake na Mbeya bei yake. Nyololo haikuwa na bei. Ofisi ikaamua auze kwa bei ya Iringa, ingawa mapipa yalipita Iringa kwanza ndipo yakaja kwetu, na gharama ya kipande hicho cha barabara, ambacho masika kiligeuka uji, ilikuwa juu yake. Basi alivaa koti lake la jeshi, akafunga tai, akapanda juu ya magunia kwenda bomani. Karani alimpokea vizuri, akaitazama karatasi ya bei juu hadi chini, akamwambia Nyololo haimo. Mzee akauliza, kama haimo, yeye anauzia wapi. Karani akafikiri, akamjibu kwa adabu kwamba kwa upande wa bei, anauzia Iringa.

Alirudi akanisimulia bila kucheka. "Kumbe mimi na wewe tunakaa Iringa," alisema, huku amejifunika blanketi. "Na baridi yote hii."

Alikwenda tena, akaenda tena. Walimzoea pale bomani hata wakawa wanampa kiti. Baada ya muda mrefu Nyololo ikapewa bei yake, juu kidogo ya ile ya Iringa, na siku ile alimchinjia mchungaji kuku. Lakini bei hiyo ilikuja wakati mbaya. Kampuni iliyokuwa ikimletea mapipa ilikuwa imekwisha kujenga kituo chake yenyewe Makambako, penye njia panda ya Njombe. Kituo kilikuwa cha saruji, chenye pampu za mashine na jenereta nyuma. Kampuni ilijiletea mafuta kwa magari yake, kwa hiyo iliweza kuuza chini ya bei ya serikali, kwani sheria ilizuia kupandisha, haikuzuia kushusha. Matajiri wa malori walipewa vyeti vya kuchukulia petroli kwa mkopo, na vyeti hivyo havikupokelewa penginepo. Madereva waliokuwa wakimpigia honi na kusimama sasa walimpigia honi na kupita. Wengine waliona haya, wakawa wanatazama upande wa pili wa barabara.

Yeye hakuwalaumu. "Dereva ni mkono wa tajiri," alisema. "Utaugombezaje mkono?" Aliyoilaumu ni kampuni, na lawama yenyewe ilikuwa moja tu, aliirudia mpaka tukaizoea: mtu anayekuuzia asiwe mtu anayeshindana nawe.

Walibaki wateja wadogo: mwenye lori lake moja, pikipiki za misheni, wenye mashine za kusaga, gari bovu la mwalimu mkuu. Na masika walirudi wote, maana barabara ikikatika hakuna anayechagua kituo.

Halafu ukaja ule mwaka wa vita vya Misri, mfereji wa huko mbali ulipofungwa na petroli ikaadimika nchi nzima. Kampuni ilikishibisha kituo chake kwanza, kisha ikamkumbuka yeye na mapipa machache. Hapo ndipo nilipomwona alivyo. Aliweka kamba mbele ya pampu, na kila gari, liwe la nani, lilipata galoni moja. Pipa moja alilisogeza ndani ya nyumba yake, akasema ni la wagonjwa wanaopelekwa hospitali ya misheni. Alikuja msimamizi wa shamba moja la chai la Mufindi, Mzungu, akataka kununua mapipa yote kwa bei ya juu kuliko ya serikali, na hakuna ambaye angejua. Mwenye Pampu alimsikiliza hadi mwisho, akamwambia barabara nzima inakunywa hapa, kisha akamtilia galoni moja. Nusu ya kijiji ilimsifu kwa hilo. Lakini wiki ileile alikuja shemeji yake, ndugu wa mke wake, aliyekuwa na mzigo wa viazi unaooza, akaomba galoni zaidi kidogo ili afike Iringa. Naye alipata moja. Viazi vilioza njiani. Mke wake hakumsemesha kwa muda mrefu, akawa anamwekea chakula mezani na kuondoka, naye akawa anakuja kula mandazi kwangu, hasemi kwa nini. Watu wa mbali alikuwa na huruma nao hadi unashangaa. Ndugu zake aliwapima kama alivyopimwa yeye na yule kijana wa pwani.

Sasa nifike kwenye habari ya kibanda changu, ambayo nimeisimulia mara nyingi kuliko zote.

Petroli iliporudi kuwa ya kutosha, ilitoka amri mpya. Petroli isikae tena juu ya ardhi kwenye mapipa, iwekwe katika tanki chini ya udongo. Na pampu iwe mbali na moto na nyumba za nyasi. Alikuja afisa kutoka bomani na mtu wa kushika kamba ya kupimia. Wakapima tangu pampu hadi mafiga yangu, wakatazamana, wakapima tena. Afisa alimwita Mwenye Pampu pembeni, lakini alisema kwa sauti ambayo sote tuliisikia: ama kibanda kiondoke, ama leseni haitatoka mwaka mpya ukiingia.

Niliendelea kukoroga chai. Sikuwa na la kufanya lingine. Kwenye kiwanja hicho nilikuwa nimeketi kwa ruhusa ya mdomo tu ya jumbe wa zamani aliyekwisha kufa, na Mwenye Pampu alikuwa na karatasi ya boma. Madereva waliokuwa kwenye mabenchi walinywa haraka wakaondoka, maana hakuna anayependa kuwa karibu na jambo kama hilo. Jioni ile nilimwambia binti yangu Sekela tuanze kuhesabia kwamba tutarudi Rungwe. Aliuliza baba atatupataje akirudi kutoka migodini. Nilimwambia tutaacha neno kwa Mwenye Pampu.

Kesho yake asubuhi alikuja. Kibanda kilikuwa kimejaa, mvua ilikuwa imewalaza madereva njiani. Aliingia amevaa lile koti lake la kwendea bomani, nikajua amekuja rasmi. Nilimpa kiti, nikamwekea chai kabla hajasema kitu. Alikunywa. Akasema mvua ya mwaka huu ni nyingi. Nikakubali. Akasema barabara ya Makambako itakatika. Nikasema itakatika. Akaomba chai nyingine, akaimaliza, akasimama, akavaa kofia, akatoka.

Siku iliyofuata nilimwona ng'ambo ya barabara, kwenye kile kipande cha mteremko kilichojaa magugu, ameshika jembe. Mke wake alikuja kumtazama, akamwuliza anafanya nini. Akamjibu kwamba anahamisha pampu.

Shimo la tanki si shimo la choo. Alichimba siku nyingi, udongo mwekundu ukimfunika hadi kofia, na yeye hakuwa kijana. Mwanzoni alikuwa peke yake. Kisha mke wake, ambaye hata hawakuwa wakizungumza vizuri, alichukua karai akaanza kutoa udongo. Nami nilifunga kibanda mchana, nikaenda na jembe langu. Madereva wakaanza kusimama. Wengine ni walewale wa vyeti vya kampuni, ambao hawakuweza kununua kwake hata tone. Walichimba kidogo, wakanawa, wakaendelea na safari. Tanki lenyewe lilitoka Chunya, kwenye machimbo ya dhahabu yaliyofungwa, ambako vyuma viliuzwa kwa anayetaka. Dereva mmoja alilileta juu ya lori lake, na siku ya kuliteremsha shimoni kwa kamba kijiji kizima kilivuta, mpaka mchungaji. Nakumbuka Mwenye Pampu alisimama ukingoni akituelekeza kwa mikono, sauti imemkauka, na tanki lilipokaa chini sawasawa aligeuka akatupa mgongo kwa muda.

Afisa alirudi, akapima, akaridhika. Akauliza kwa nini hakukiondoa kibanda tu, ingekuwa kazi ya asubuhi moja. Mzee akasema upande ule mwingine una maji mengi. Haukuwa na maji yoyote. Leseni ikatoka.

Lakini aliposhinda boma alikuwa amejikwaa kwa kampuni. Mjumbe wao alifika kwa gari jeupe, kijana mwenye suruali iliyonyooshwa vizuri, akaomba wazungumze. Walikaa kwangu, kwa hiyo hili sikuambiwa na mtu. Alisema kampuni imesikia pampu imehamishwa bila ruhusa yake. Haina neno. Kampuni iko tayari kumwekea pampu ya mashine na bati la kuzuia mvua, bila yeye kutoa kitu. Atie sahihi tu.

Mwenye Pampu aliuliza taratibu, kama mtu anayetia petroli.

"Pampu itakuwa ya nani?"

"Ya kampuni, mzee."

"Na kiwanja?"

"Kampuni itakikodi kwako kwa miaka mingi."

"Bei nitaipanga mimi?"

"Bei inapangwa na kampuni, ndani ya ile ya serikali."

"Nikipata mafuta mazuri kwa mtu mwingine?"

"Hapo hapana. Utauza ya kampuni peke yake."

"Sasa mimi nitakuwa nani?"

Kijana alitabasamu. "Wewe utakuwa mwenye pampu, mzee."

Mzee alikisogeza kikombe pembeni. "Mwanangu," alisema, "mwenye pampu nimekuwa tangu hujaanza kazi. Sioni unaniongezea nini."

Kijana hakukasirika, nampa haki yake. Alimaliza chai, akasema ataeleza ofisini. Baada ya hapo mapipa ya kampuni hayakuja tena Nyololo.

Hakukata tamaa mara moja. Alimpata mfanyabiashara mmoja wa Mbeya aliyepokea mafuta ya kampuni nyingine kwa njia ya Itigi na Chunya, akawa anamletea. Safari ilikuwa ndefu na faida ikawa nyembamba kama karatasi, lakini petroli ilipanda kwenye vioo kama zamani. Alijaribu hata kuwaunganisha wauzaji wadogo wa barabara ile, wa Mafinga, wa Igawa, wa Chimala, wanunue kwa pamoja kutoka kwenye reli. Aliwatembelea mmoja mmoja, juu ya magunia. Wote walimpa chakula, wote walisema ni wazo zuri, na wote walitaka mwingine atangulie. Mwisho yule mfanyabiashara wa Mbeya naye akatia sahihi na kampuni. Alikuja mwenyewe hadi Nyololo kumwambia, na mzee alimshukuru kwa kuja.

Siku petroli ilipokwisha hakumtangazia mtu. Dereva wa lori dogo la viazi ndiye aliyepata galoni ya mwisho, na kama desturi alitingishiwa mpira. Kisha mzee alipanda juu ya kigoda, akavisugua vioo, akachomoa mpini wa pampu, akauingiza ndani. Alikuja kunywa chai. Nilimwona mikono yake haijui pa kukaa. Nilitaka kumwambia kwamba kama angenifukuza angekuwa bado na kampuni, au angalau angekuwa hakutumia nguvu zake zote kwenye lile shimo. Sikusema. Alizungumza habari za mahindi.

Baada ya miezi alihamia Mbeya, ambako binti yake alikuwa ameolewa. Mume wangu alirudi kutoka kusini, kifua kibovu lakini hai, akakikuta kibanda pale alipokiacha. Nilimsimulia yote. Akawa anapitisha wageni ng'ambo ya barabara kuwaonyesha pale pampu iliposimama, akiwaambia kuna mtu aliyehamisha petroli ili mimi nisihamishe mafiga.

Nilimwona Mwenye Pampu mara moja tu baadaye. Nilikuwa nimekwenda Mbeya kwa Sekela, aliyekuwa amejifungua, na wakanituma kusagisha mahindi Mwanjelwa, ambako siku zile kulikuwa bado na mashamba mengi kuliko maduka. Nilisikia mashine kabla ya kuiona. Ndani, katikati ya vumbi la unga, alikuwa yeye, mweupe nywele na nyusi, sikujua kipi ni uzee na kipi ni unga. Alinitambua kwa sauti nilipoulizia foleni. Alishika mikono yangu miwili, akaulizia watoto mmoja mmoja kwa majina, akaulizia kifua cha mume wangu. Kisha akaanza kulalamika. Mashine ilikuwa inakula dizeli, na wauza dizeli wa Mbeya, alisema, ni wezi watupu, wanapandisha wanavyotaka, hawatazami hali ya mnunuzi. Nilicheka hadi nikashika ukuta. Akaelewa, akacheka na yeye.

Mwanamke aliyekuwa mbele yangu aliuliza tunajuana wapi. Nikaanza kumsimulia, kama kawaida yangu: afisa, kamba ya kupimia, kibanda, na mzee huyu aliyekataa kunifukuza. Nilipofika hapo aliinua mkono.

"Si hivyo, Mama Sekela," alisema.

Alipunguza mashine ili asilazimike kupaza sauti. Akatazama chini.

"Asubuhi ile nilikuja kukuambia uondoke. Nilikuwa nimevaa koti kwa hilo. Maneno nilikuwa nayo yote, nimeyapanga usiku."

Nilimwuliza basi ilikuwaje.

"Ulinipa kiti. Na ulikuwa unacheka na dereva mmoja, sijui alikuambia nini. Nikasema nitasema ukimaliza kucheka. Ukaniletea chai. Nikasema nikimaliza chai. Nikaomba nyingine. Chai ikaisha, maneno hayakuja, nikarudi nyumbani naona aibu. Kesho yake nikafikiri nije tena, nikaona kuchimba ni rahisi zaidi." Akatikisa kichwa. "Kila mtu amekuwa akinisifu kwa jambo ambalo sikulikusudia. Hata mchungaji alilihubiri."

Yule mwanamke alikuwa amesahau mahindi yake. Mimi nilikuwa nafikiria shimo lile, udongo ule mwekundu, siku zile zote, na mtu mzima anayechimba kwa sababu ameshindwa kutamka neno moja mbele ya kikombe.

"Umekasirika?" aliniuliza.

"Hapana, Baba."

Alinitazama vizuri, kuhakikisha. Kisha akashusha pumzi.

"Basi vizuri," alisema. "Lilikuwa linanisumbua."

Akapangusa unga mikononi, akaipandisha mashine, akapokea debe la mwanamke yule, ambaye ilikuwa zamu yake.